Uzi: Zege lenye vinyweleo juu ya kichanga cha Unguja, tuuangalie mpaka wa vitu hivi viwili

MsingiNaMaji (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum ndugu zangu mnaoshughulika na ujenzi. Kila ikifika masika huzuka tena hoja kwamba nyua za skuli, viwanja vya kuegeshea magari na vichochoro vya mitaa yetu vimwagwe zege lenye vinyweleo, ili mvua izame pale pale inapoangukia badala ya kukimbilia kwenye mitaro iliyokwisha kuzidiwa. Hoja hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mazungumzo huishia kwenye zege, ilhali kinachoamua kama kazi itadumu miaka ishirini au itakwisha baada ya masika mbili ni udongo ulio chini, na hasa zile sentimita chache ambapo kokoto hukutana na mchanga.

Zege lenyewe nitalieleza kwa ufupi. Ni saruji, maji na kokoto za ukubwa unaokaribiana, mchanga ukiachwa kabisa au ukitiwa kidogo mno. Uji wa saruji hufunika kila kokoto na kuzishikanisha pale zinapogusana, na nafasi zinazobaki, ambazo kwa kawaida ni asilimia 15 hadi 25 ya ujazo wote, huungana na kuwa njia za maji. Maji ya kuchanganyia ni machache, kama lita 15 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Nguvu ya kubeba mgandamizo aghalabu huwa karibu na megapaskali 17, kwa hiyo si zege la kubebea ghorofa. Kwa kisiwa ambacho mchanga wa kujengea umekuwa adimu hadi Serikali ikadhibiti uchimbaji wake, kuwa na zege lisilohitaji mchanga ni faida ya pili isiyotajwa vya kutosha.

Sasa tuje kwenye mchanga, ambako ndiko uzi huu unakolenga. Allen Hazen, mhandisi wa Marekani, alionyesha mwaka 1892 kwamba kasi ya maji kupita katika mchanga safi hufuata mraba wa ukubwa wa chembe zake ndogo. Kipimo chake huitwa D10, yaani ukubwa ambao asilimia 10 tu ya uzani wa mchanga ni chembe zilizo ndogo kuupita. D10 ikiwa milimita 0.2, mchanga hupitisha takriban milimita 1,440 za maji kwa saa, ikiwa 0.1, hupitisha takriban 360. Chembe zimepungua nusu, maji yamepungua hadi robo. Chini ya 0.1 kanuni hiyo haifai kutegemewa, na hapo hakuna njia isipokuwa kuchimba na kupima papo hapo. Zege jipya lililomwagwa vizuri hupitisha maelfu ya milimita kwa saa, kwa hiyo katika muungano wa vitu hivi viwili mchanga ndio mlango mwembamba, wala si zege.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, si kasi ya maji kushuka. Ni mchanga kuhama. Vinyweleo vya zege lililotengenezwa kwa kokoto za kawaida vina upana wa milimita kadhaa, na chembe za kichanga chetu nyingi hazifiki hata milimita moja. Gurudumu likipita juu ya bamba la zege wakati chini kumejaa maji, shinikizo la maji hupanda ghafla na kushuka ghafla, na kila mpigo husukuma chembe chache kuingia kwenye nafasi za kokoto na za zege. Nimelishika kwa mkono wangu bamba lililovunjwa kwenye kiwanja kimoja cha kuegeshea magari, ambacho sitakitaja. Uso wa juu ulikuwa safi, lakini upande wa chini vinyweleo vilikuwa vimejaa mchanga mweupe hadi urefu wa pingili mbili za kidole, na chini yake palikuwa na uwazi ambao kiganja kiliingia bila kugusa kitu. Mchanga uliotoka pale ndio ulioziba zege, na pengo ulilouacha ndilo lililolivunja. Sababu ni moja, madhara mawili.

Karl Terzaghi, mwanzilishi wa elimu ya uhandisi wa udongo, alituachia kanuni ya chujio inayotumika hadi leo kwenye mabwawa na barabara (D15 na D85 husomwa kama D10, ila kwa asilimia 15 na 85): D15 ya tabaka la kokoto isizidi mara 4 hadi 5 ya D85 ya mchanga unaozuiwa, na wakati huo huo iwe angalau mara 4 hadi 5 ya D15 ya mchanga huo ili maji yapite bila kikwazo. Naomba tujadili hapo.

Fundi wa Fuoni

Waaleikum salaam. Shukrani kwa maelezo, injinia, lakini mimi nina swali la mtu wa kazini. Sisi tunaondoa udongo wa juu, tunashindilia kichanga, tunamwaga moja kwa moja, na maji yanazama vizuri mbele ya macho ya mwenye kazi. Ukiniambia niongeze tabaka la kokoto na jingine la chenga, yaani vipande vidogo vya mawe, gharama inapanda na mteja anakimbilia kwa fundi mwingine. Je, ni lazima kweli?

MsingiNaMaji

Fundi, swali lako ni la haki. Kwenye njia ya kupita watu kwa miguu, juu ya kichanga safi kisicho na vumbi laini, na maji ya ardhini yakiwa mbali chini, kumwaga moja kwa moja kunakubalika, na Florida huko Marekani, penye mchanga kama wetu juu ya mawe ya chokaa, zege hili lilianza kutumika sana miaka ya 1970. Hali hubadilika pale magari yanapoingia au maji yanapopanda.

Nikupe hesabu ya mfano ili tusizungumze hewani. Chukua mchanga wenye D85 ya milimita 0.5 na D15 ya 0.12. Ukiweka juu yake kokoto za milimita 10 hadi 20, ambazo D15 yake tuseme ni 12, unapogawa 12 kwa 0.5 unapata 24, wakati kikomo ni 5. Mchanga huo utaingia kwenye kokoto hizo bila kizuizi. Weka katikati sentimita kumi za chenga za milimita 2 hadi 6, zenye D15 ya 2.4 na D85 ya 5.5: kugawa kwa 0.5 kunakupa 4.8, umepita. Kati ya chenga na kokoto, 12 kwa 5.5 ni 2.2, umepita tena. Na kwa upande wa maji, 2.4 kwa 0.12 ni 20, kwa hiyo njia iko wazi kabisa. Chenga hizo hubaki kwenye mashine za kusaga mawe na mara nyingi hakuna anayezigombania.

Kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia chembe za udongo, kinaweza kushika nafasi ya tabaka hilo kama kimechaguliwa kwa vipimo vya mchanga husika. Karatasi ya nailoni haiwezi. Nalisema kwa sababu nimekuta nailoni imetandikwa chini ya zege lenye vinyweleo, jambo ambalo linaligeuza kuwa beseni.

Kuhusu gharama, tabaka la kokoto halizuii mchanga tu, bali ni ghala la mvua. Zege la sentimita 15 lenye uwazi wa asilimia 20 hubeba milimita 30 za maji, na kokoto za sentimita 20 zenye uwazi wa asilimia 40 hubeba milimita 80. Jumla ni milimita 110 ambazo mchanga unapewa muda wa kuzinywa polepole. Mwambie mteja wako kwamba fedha ya kokoto ni fedha ya mtaro ambao hatauchimba.

Fundi wa Fuoni

Nimekuelewa. Na kushindilia je? Tumezoea kupiga kompakta mpaka ardhi inalia.

MsingiNaMaji

Hapo pana mvutano wa kweli, na sidhani kama kuna jibu moja la kila mahali. Mchanga uliolegea hushuka ukilowana kwa mara ya kwanza na ukitikiswa, kwa hiyo usiposhindilia bamba litapasuka. Ukishindilia kupita kiasi nafasi kati ya chembe hupungua na maji yanakwama. Na kama ni mchanga wetu mweupe wa pwani, wenye asili ya matumbawe na makombe, chembe zenyewe huvunjika na kutoa unga unaoziba. Kinachofaa ni kushindilia kwa tabaka nyembamba, mchanga ukiwa na unyevu, kisha kupima upitishaji wa maji baada ya kushindilia. Ninaona mara nyingi kipimo kikifanywa kabla, kwenye ardhi ambayo haijaguswa, halafu namba hiyo ikatumika kwenye usanifu wakati ardhi iliyopimwa haipo tena.

Bint Wete

Assalaam aleikum. Ninafuatilia kutoka Pemba. Kwetu juu ya vilima ardhi ni ya kichanga kiasi, lakini ukiteremka bondeni kwenye mpunga unakuta kinamo, na skuli nyingi zipo pale mteremko unapokutana na bonde. Je, zege hili lina nafasi?

MsingiNaMaji

Waaleikum salaam dada. Lina nafasi, ila kwa usanifu tofauti. Kinamo hakinywi maji kwa kasi ya kutegemewa, kwa hiyo hapo tabaka la kokoto linakuwa tangi, na ni lazima liwe na bomba lenye matundu la kuyatoa maji taratibu hadi mahali salama. Mahali pa kuogopa zaidi ni pale ulipopataja, mpakani. Maji yanayozama juu kwenye kichanga yatatembea chini kwa chini hadi yakutane na kinamo, kisha yatatafuta pa kutokea, na aghalabu yatatokea chini ya ukuta wa darasa. Mvua ya Pemba ni nyingi kuliko ya Unguja na mteremko unayapa maji nguvu. Ningechimba shimo la kuangalia tabaka angalau mara mbili, moja juu na moja chini ya mteremko, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Mwana wa Paje

Mimi nina hoja ya upande wa bahari. Hoteli nyingi za pwani ya mashariki zinajenga kuta za kuzuia mmomonyoko, na mkandarasi mmoja alipendekeza nyuma ya ukuta tujaze zege lenye vinyweleo ili maji yatoke haraka wakati wa kupwa. Je, ni wazo jema?

MsingiNaMaji

Ni wazo jema lenye hatari ndani yake, na ningependa tulitazame kwa makini kwa sababu kuta hizi zinaanguka mbele ya macho yetu.

Wakati wa bamvua maji ya kwetu hupanda na kushuka karibu mita nne. Bahari inaposhuka, maji yaliyomo ndani ya mchanga nyuma ya ukuta hayashuki kwa kasi ile ile. Yanabaki juu, na kwa saa kadhaa ukuta unasukumwa kutoka nyuma bila bahari kuusaidia kutoka mbele. Tabaka linalopitisha maji hupunguza tofauti hiyo, na hilo ndilo jema lake. Lakini maji yanapokimbilia kwenye tabaka hilo yanavuta mchanga. Kwa mchanga wa kawaida mwinamo hatari wa maji yanayopanda juu ni takriban 1, yaani maji yakipoteza mita moja ya kimo ndani ya mita moja ya mchanga, chembe huanza kuelea na mchanga hauna nguvu tena ya kubeba kitu. Kwa maji yanayotoka kwa ubavu kwenye uso usio na chujio, chembe hung'oka hata kabla ya hapo.

Nenda kwenye ukuta wenye matundu ya kutolea maji wakati bahari inapwa, ukae na uangalie. Maji yakitoka meupe kama tui, na chini ya kila tundu pakiwa na kichuguu cha mchanga safi uliotandazika, ujue ardhi ya nyuma inatoka kwa awamu, kupwa kwa kupwa, mara mbili kwa siku. Juu bustani itaendelea kuonekana salama hadi siku itakapotitia. Kwa hiyo zege lenye vinyweleo nyuma ya ukuta ni sawa kama kati yake na mchanga kuna chujio kwa kanuni ile ile ya Terzaghi, na kwa maji yanayokwenda na kurudi kama ya pwani, chujio linapaswa kuwa kali zaidi kuliko la maji yanayokwenda upande mmoja tu.

Jambo la pili: usitie nondo ndani ya zege hili, hasa pwani. Hewa na chumvi hupita humo bila kizuizi na chuma kitaliwa upesi.

Mwana wa Paje

Na nguzo? Kuna aliyeniambia kwamba nchi nyingine zinachimba mashimo kwenye udongo dhaifu na kuyajaza zege lenye vinyweleo badala ya kokoto tupu.

MsingiNaMaji

Ndiyo, utafiti huo upo na unanivutia sana. Nguzo za kokoto tupu hutegemea udongo wa pembeni uzikumbatie. Udongo ukiwa dhaifu mno, nguzo inavimba ubavuni na kushuka. Zege lenye vinyweleo limeshikana lenyewe, kwa hiyo halihitaji kukumbatiwa kwa kiasi hicho, na bado linaruhusu maji yaliyobanwa kwenye udongo yatoke kupitia kwake, jambo ambalo nguzo ya zege la kawaida haliwezi.

Kwa mchanga wa matumbawe ningeangalia hasa msuguano wa ubavuni. Zege linalomwagwa papo hapo lina uso wa kukwaruza, na uji wake huingia kidogo kati ya chembe, kwa hiyo pembe ya msuguano kati yake na mchanga hukaribia ile ya mchanga wenyewe. Zege laini lililotengenezwa kiwandani hupata sehemu yake tu, kama asilimia 70 hadi 80. Tofauti hiyo si ndogo katika mchanga wa aina hii. Huko Australia, kwenye jukwaa la gesi la North Rankin, miaka ya 1980, nguzo za chuma zilizopigwa kwenye mchanga wa asili ya chokaa zilikutana na msuguano mdogo mno kuliko uliotarajiwa, kwa sababu chembe zilivunjika na mchanga ukaacha kuibana nguzo. Tangu hapo wahandisi wa mchanga wa namna hiyo hupendelea nguzo zinazochimbiwa na kujazwa saruji. Mchanga wa Paje si wa baharini kina kirefu, lakini ni wa jamii hiyo, na mtu asichukue namba za mchanga wa mawe magumu kutoka kitabuni akazitumia pale bila kipimo.

Msomaji wa Mbweni

Naomba niulize kuhusu visima. Nyumba nyingi za mjini zina kisima na karo la choo ndani ya uwanja mmoja. Tukizamisha maji yote ya mvua, je, hatuyapeleki kwenye kisima?

MsingiNaMaji

Tunayapeleka, na hilo halina budi kusemwa wazi. Maji tunayokunywa Unguja kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, kwenye mchanga na mawe ya chokaa, na mvua inayozama ndiyo inayoyajaza na kuizuia chumvi ya bahari isisogee. Kwa hiyo kuzamisha mvua ya paa na ya uwanja safi ni kukilisha kisiwa. Mchanga huchuja kiasi, iwapo upo wa kutosha kati ya tabaka la kokoto na maji ya ardhini; mimi nisingekubali chini ya mita moja, ikipimwa wakati wa masika maji yanapokuwa juu kabisa. Penye jiwe la matumbawe karibu na uso, kama sehemu za uwanda, mchanga ni haba na jiwe lina mapango, na maji yanafika chini yakiwa hayajachujwa. Gereji, vituo vya mafuta na sehemu za kuoshea magari visiwekewe zege hili kabisa.

Kuhusu karo, liwe mbali na eneo linalozamisha, kwa sababu maji ya mvua yatasukuma ya karo yatembee haraka kuelekea kisimani. Na msingi wa nyumba nao uachiwe nafasi. Maji ya ardhini yakipanda hadi usawa wa msingi, uzito fanisi wa mchanga, yaani uzito unaobaki baada ya maji kuziinua chembe, hupungua karibu nusu, na uwezo wake wa kubeba nyumba hupungua pamoja nao.

Fundi wa Fuoni

La mwisho kwangu, injinia. Kokoto za matumbawe za hapa hapa zinafaa, au ni lazima zile ngumu za kutoka bara? Na nitajuaje zege limezibwa kabla halijavunjika?

MsingiNaMaji

Za matumbawe hunywa maji, kwa hiyo zilowekwe tangu jana yake, zitumike zikiwa na unyevu lakini hazichuruziki. Vinginevyo zitaunyonya uji wa saruji na kokoto hazitashikana. Ni laini pia, kwa hiyo tumia bomba zito la kuviringisha, usitumie kompakta ya kutetemesha. Kwa njia za miguu na nyua za skuli ningezikubali baada ya kupima vipande vya majaribio; kwa magari ningechukua za bara. Mchanganyiko ukiufinya kiganjani ushike umbo bila kumwagika wala kumomonyoka. Ukishaumwaga ufunike kwa nailoni ndani ya dakika ishirini, na uiache siku saba, maana jua na upepo wa hapa huukausha kabla saruji haijashika. Nailoni hiyo ni ya juu, fundi, si ya chini.

Kupima kuzibika ni rahisi. Tafuta pete ya bomba yenye kipenyo cha sentimita 30, izibe pembezoni kwa udongo wa mfinyanzi, lowesha kwanza, kisha mimina lita 18 huku ukishikilia maji yasipande zaidi ya sentimita moja na nusu ndani ya pete. Zikizama kwa dakika moja, hiyo ni takriban milimita 15,000 kwa saa. Andika muda huo siku ya kukabidhi kazi, na urudie mahali pale pale kila baada ya masika. Ukiona muda umeongezeka mara kumi, fagia na upige maji ya shinikizo kwa mshazari. Baada ya hapo toboa bamba sehemu moja na uangalie upande wa chini. Ukikuta udongo mwekundu juu, umeletwa na magurudumu na unasafishika. Ukikuta mchanga mweupe chini, acha kusafisha, kwa sababu hapo panahitaji kuvunjwa na kuwekewa chujio.